Padre Gregor Mendel: mtawa wa njegere, na swali la nani kakosea



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilikuwa nimesimama nje ya kanisa huku kwetu Tarime pamoja na wenzangu wa VIWAWA. Stori zimenoga, kila mtu anacheka. Mara akapita mama mmoja kambeba mtoto mchanga mwenye ualbino, kamfunika vizuri na kitenge ili jua lisimchome. Tukanyamaza wote. Alipofika mbali kidogo, maneno yakaanza. Mmoja akauliza mtoto yule ni wa ukoo gani. Mwingine akauliza kitu kile kimetoka upande wa baba au wa mama. Wa tatu akasema lazima mama alikosea mahali, labda alivunja mwiko fulani akiwa mjamzito.

Jamani, tulikuwa tumetoka kupokea Komunyo dakika kumi tu zilizopita! Na mimi ninayewaandikia hapa nilikaa kimya. Sikusema uongo, ila na ukweli sikuusema. Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Swali letu pale nje ya kanisa si jipya. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Bwana kama aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Jibu la Bwana linatosha kwa imani yetu. Lakini karibu karne kumi na nane baadaye, Mungu alimtumia padre mmoja, mtoto wa mkulima, kutuonyesha kwa hesabu namna mambo haya ya rangi na urithi yanavyokwenda. Leo tumfahamu padre huyo, Gregor Mendel. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na mimi simtangazi. Ila maisha yake yana mengi ya kutufaa.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kinaitwa Hynčice na kipo Jamhuri ya Cheki. Wakati ule kilikuwa ndani ya Dola ya Austria. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba lake, lakini sheria za wakati ule zilimlazimu kufanya kazi siku tatu za wiki katika shamba la bwana mkubwa bila malipo. Mama yake aliitwa Rosine. Walikuwa watoto watatu: Veronika, Johann na mdogo wao Theresia.

Paroko wao, Padre Schreiber, hakuishia kuhubiri tu. Aliwafundisha watu kupanda na kubebesha miti ya matunda, na Johann akakua akimsaidia baba yake kwenye miti hiyo. Kwa hiyo mkono wake ulizoea udongo mapema, kama mikono ya vijana wengi wa Tarime na Mugumu wanaopalilia mahindi na maharage kabla ya kwenda shule.

Akafaulu, akaenda sekondari mbali na nyumbani. Wazazi hawakuweza kulipa chakula chote, hivyo alikula nusu ya mgawo. Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo akiwa kazini, akaumia vibaya, na nguvu hazikurudi tena kama zamani. Johann, mwenye miaka 16, akaanza kufundisha wenzake tuisheni ili ajilipie. Njaa na wasiwasi vilimwangusha. Zaidi ya mara moja alirudi nyumbani akalala kitandani kwa miezi.

Hapo ndipo anaingia dada yake, Theresia. Kwa desturi yao, binti aliwekewa mali ya kwenda nayo kwenye ndoa. Theresia akatoa sehemu ya mali yake ili kaka asome. Huku kwetu tunajua jinsi ng'ombe za dada zinavyoweza kumwoza kaka, na mara nyingi kaka anasahau. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari. Dada zetu wangapi wametubeba hivyo, na sisi hatujawarudishia hata asante?

Mtawa aliyefeli mtihani

Mwaka 1843 aliingia abasia ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, ya watawa Waagustino, akapewa jina la Gregor. Alieleza mwenyewe baadaye, bila kujificha, kwamba hali ngumu ya maisha ilichangia uamuzi wake. Alikuwa amechoka kuhangaikia mkate wa kesho. Wengine wanaweza kushtuka kusikia hivyo, ila Mungu anaweza kuita kwa kupitia hata shida za tumbo. Muhimu ni kwamba aliyeitwa alibaki, akatumikia zaidi ya miaka 40.

Alipata upadre mwaka 1847. Akapangiwa kazi ya kichungaji iliyomlazimu kuwatembelea wagonjwa, na huko akashindwa. Alipowaona watu wanateseka, moyo wake haukuweza kuhimili, mpaka akaugua yeye mwenyewe. Abate Cyrill Napp hakumfokea. Aliona kijana huyu ana kipaji kingine, akamtuma kwenda kufundisha shule. Natamani kila kijana apate mlezi wa namna hiyo, anayejua kutofautisha uvivu na kipaji kilichowekwa mahali pasipo pake.

Sasa sikilizeni ninyi mliopata matokeo mabaya mwaka huu. Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Akafeli. Na moja ya sehemu alizofeli ilikuwa elimu ya viumbe! Abate akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma fizikia, hisabati na mimea kuanzia 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 akajaribu mtihani tena, akaugua katikati, akarudi nyumbani bila cheti. Alifundisha miaka 14 hapo Brno kama mwalimu asiyethibitishwa. Baba wa elimu ya urithi hakuwahi kupata cheti cha ualimu wa sekondari. Ndiyo hivyo.

Miaka minane na njegere

Inasimuliwa kwamba mwanzoni alifuga panya chumbani kwake, wa kijivu na weupe, akitaka kuona rangi inavyorithiwa, na kwamba mambo ya kuzalisha panya ndani ya nyumba ya watawa hayakuwapendeza wakubwa. Basi akahamia bustanini. Alipewa kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 7. Ni kidogo kuliko bustani za mboga za mama zetu wengi. Hapo akapanda njegere.

Alinunua aina 34 za mbegu, akazijaribu miaka miwili kuhakikisha kila aina inazaa inayofanana nayo. Kisha, kuanzia 1856 hadi 1863, akawa anafungua ua moja moja kabla halijakomaa, anaondoa sehemu zenye chavua kwa kibano, anapaka chavua ya mmea mwingine, halafu analifunika ua ili wadudu wasiharibu kazi. Maelfu kwa maelfu ya mimea. Asubuhi sala na Misa, mchana kufundisha, muda uliobaki njegere.

Tuangalie jambo moja tu, rangi ya maua. Alichukua mmea wa maua ya zambarau, akauchanganya na wa maua meupe. Watoto wote wakatoka zambarau. Mtu mwingine angesema weupe umekufa, mchezo umeisha. Mendel akaiacha mimea ile ijichavushe yenyewe, akasubiri msimu mwingine. Kati ya mimea 929 ya kizazi cha pili, 705 ilikuwa na maua ya zambarau na 224 maua meupe. Kumbe weupe haukuwa umekufa! Ulikuwa umejificha ndani ya wazazi wa zambarau, halafu ukatokea kwa wajukuu. Akahesabu na mbegu za njano na kijani: kati ya 8,023, za njano zilikuwa 6,022 na za kijani 2,001. Kila alikohesabu aliona kitu kilekile, karibu tatu kwa moja.

Maana yake nini? Fikiria kila mzazi ana kibuyu chenye punje mbili, moja aliyopewa na baba na moja aliyopewa na mama. Akizaa, anatoa punje moja tu, bila kuchagua. Kuna punje inayotawala na kuna inayojificha. Ukiwa nayo moja ya kujificha, haionekani kabisa. Mpaka zikutane mbili za namna hiyo, ndipo sifa yake inatokea nje. Leo punje hizo tunaziita jeni.

Mbegu ardhini

Februari na Machi 1865 Mendel alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno, akasoma kazi yake jioni mbili. Wakamsikiliza kwa heshima, wakaenda nyumbani. Mwaka 1866 ikachapishwa. Aliomba nakala 40, akatuma baadhi kwa wasomi. Msomi mkubwa wa mimea, Carl Nägeli wa München, alimjibu, lakini hakuona uzito wa jambo lenyewe.

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abate. Bustani ikapungukiwa na muda, ingawa aliendelea kufuga nyuki na kupima hali ya hewa. Mwaka 1874 serikali ikapitisha sheria ya kodi mpya kwa nyumba za watawa. Mendel aliiona si ya haki, akakataa kulipa, akabishana nayo karibu miaka kumi mpaka kifo. Alikuwa na hoja, lakini ugomvi ule ulimla. Marafiki walipungua, afya ikashuka, akawa mtu mpweke. Nalitaja hili ili tusimchore kama sanamu. Hata mtu mwema anaweza kuchoshwa na vita ambavyo angeweza kuvipigana kwa namna nyingine.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, sikukuu ya Epifania, kwa ugonjwa wa figo. Katika Misa ya mazishi muziki uliongozwa na Leoš Janáček, mtunzi maarufu aliyelelewa utotoni katika abasia hiyohiyo. Maskini wa Brno walimlilia kwa sababu alikuwa mkarimu. Karibu hakuna aliyelia kwa sababu ya sayansi. Karatasi zake nyingi zikachomwa moto.

Halafu, mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, wasomi watatu wa nchi tofauti, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa njia yake akafika kwenye hesabu zilezile. Walipopekua maandiko ya zamani, wakakuta padre mmoja alishafika pale kitambo. Punje ya ngano ikianguka ardhini, Injili inatuambia kinachofuata.

Kutoka njegere mpaka kwa salamanda, na kwetu

Watu wakaanza kujaribu kanuni ya Mendel kwa wanyama. Kuna mnyama mmoja wa majini kutoka Mexico anaitwa axolotl. Ni aina ya salamanda: umbo kama mjusi, lakini ni jamaa wa chura. Mwaka 1864, wakati Mendel anamalizia hesabu zake, axolotl walifikishwa Paris na wakaanza kutunzwa na mtaalamu aitwaye Auguste Duméril. Miongoni mwa waliosafirishwa alikuwemo mmoja mweupe. Uzao wao ukasambaa katika maabara za Ulaya. Mwaka 1908 Mjerumani Valentin Haecker alieleza alichokiona baada ya kuchanganya weupe na weusi: watoto wote weusi, na kizazi kilichofuata karibu watatu weusi kwa mmoja mweupe. Njegere zilezile, sasa zina miguu minne!

Baadaye wakajifunza zaidi. Yule axolotl mweupe wa zamani ana macho meusi. Seli zake za rangi zipo, ila hazikusambaa mwilini alipokuwa anaumbika. Miaka ya 1960, huko Marekani, mtaalamu Rufus Humphrey alimchanganya axolotl na salamanda mwingine mwenye ualbino, akapata axolotl wenye ualbino kamili. Hao kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa rangi, yaani melanini, hakifanyi kazi. Kimeng'enya hicho tunacho na sisi binadamu. Jeni yake ikiwa na hitilafu, inaleta aina moja ya ualbino kwa watu. Huku Afrika aina iliyo nyingi zaidi inatokana na jeni nyingine, iitwayo OCA2, lakini mwendo wake ni uleule wa kujificha. Na hata jirani yetu, Hifadhi ya Serengeti, mwaka 2019 alipigwa picha pundamilia mwenye michirizi ya rangi ya dhahabu badala ya nyeusi. Hakuna aliyeuliza mama yake pundamilia alivunja mwiko gani.

Kwa binadamu ilionekana mapema. Mwaka 1903 ilichapishwa huko Marekani habari ya familia moja ya watu weusi wa Mississippi. Babu alikuwa na ualbino, watoto wake wote hawakuwa nao, halafu ukarudi kwa wajukuu. Ni kama maua ya zambarau na meupe.

Basi turudi pale nje ya kanisa. Ualbino umetoka upande gani? Umetoka pande zote mbili. Baba kabeba punje moja iliyojificha, mama kabeba moja iliyojificha, na wote wawili hawakujua. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata punje zote mbili. Mwiko hauhusiki. Usaliti hauhusiki. Yule baba anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto mwenye ualbino anafukuza kitu ambacho nusu yake kimetoka kwake mwenyewe. Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu mmoja kati ya takribani 1,400 ana ualbino, na wanaobeba punje iliyojificha ni karibu mmoja kati ya 19. Hesabu watu waliokuwa kanisani Jumapili iliyopita. Tulikuwa wengi tunaoibeba. Huenda hata aliyeuliza swali lile. Huenda mimi.

Haya si maneno ya darasani tu. Kanda yetu ya Ziwa imemwaga damu ya ndugu hawa kwa sababu ya ushirikina. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na bado mwaka 2024 nchi nzima ililia kwa ajili ya mtoto mdogo wa Kagera. Mkono unaoshika panga hauanzi na panga. Unaanza na minong'ono kama ile ya kwetu, inayomfanya mtoto aonekane ni laana au ni dawa, wakati ni mtu, mfano wa Mungu. Na anayekaa kimya anaisaidia minong'ono hiyo isafiri.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, acha neno zeruzeru. Sema mtu mwenye ualbino. Pili, ukisikia mtu anauliza nani kakosea, mjibu kwa upole, na mweleze habari ya vibuyu na punje. Si lazima uwe daktari. Tatu, kama mnaye mwenzenu mwenye ualbino kwenye kwaya au jumuiya, mpeni nafasi ya kivulini wakati wa mazoezi na maandamano, na darasani akae mbele aone ubao. Jua linaweza kumletea saratani ya ngozi. Kofia pana na mikono mirefu ni kinga kubwa, na kule Moshi hutengenezwa mafuta maalumu ya kukinga jua kwa ajili yao. Ulizeni hospitali iliyo karibu namna ya kuyapata.

Mimi Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule mama. Sikuwa na hotuba. Nilimsalimia, nikaomba kumbeba mtoto, akanipa. Tukasimama kivulini, pale pale tulipokuwa tumesimama siku ile. Wenzangu wakaja mmoja mmoja kumwona. Mtoto akalala.

Maswali ya kutafakari

Ni lini nilinyamaza mahali nilipopaswa kusema ukweli?
Nani alijinyima ili mimi nisome, na nimemrudishia nini?
Kazi gani njema nimeiacha kwa sababu tu hakuna anayeniona?

Tusali

Ee Bwana, uliyemfundisha padre wako kusoma siri yako katika ua la njegere, tufundishe kusoma sura yako katika kila mtoto unayetuletea. Utusamehe maneno tuliyosema na tuliyoyanyamazia. Uwalinde ndugu zetu wenye ualbino katika Tarime, Serengeti na nchi yetu yote. Uwape nguvu waliofeli, subira wanaosubiri, na uwakumbuke wanaojinyima kwa ajili ya wengine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.